Hot Ones: kuku, pilipili na maswali yaliyofanyiwa kazi

Ninaandaa kipindi cha burudani cha mchana kwenye redio moja hapa Mwanza. Sauti inayosikika hewani si yangu. Mimi ndiye ninayempigia meneja wa msanii, ninayeandika maswali, na ninayekaa nyuma ya kioo nikisikiliza kama mgeni anajibu au anasoma risala. Kwa hiyo Hot Ones naitazama kwa jicho la kazi, na nasema bila kusita: kwa upande wa maswali, sijaona kipindi cha kuhoji wasanii kinachokizidi.

Kwa ambaye hajakiona, kiko YouTube kwenye chaneli ya First We Feast, bure kabisa. Meza moja, nyuma kweusi tii, watu wawili. Mmoja ni mtangazaji, Sean Evans, jamaa wa viunga vya Chicago, kipara, sauti yake haipandi wala haishuki. Wa pili ni mwanamuziki, mwigizaji, mchekeshaji au mwanamichezo. Mbele ya kila mmoja kuna mabawa 10 ya kuku yaliyopakwa pilipili za chupa, kuanzia ya kuamsha ulimi hadi ile inayomwinua mtu mzima kwenye kiti. Asiyekula nyama anatengenezewa mabawa ya mboga. Bawa moja, swali moja au mawili, linafuata jingine. Hakuna bendi, hakuna watu wa kupiga makofi. Kipindi kilianza Machi 2015, mgeni wa kwanza akiwa Tony Yayo wa kundi la G-Unit, na wazo lilikuwa la Christopher Schonberger, aliyekuwa akiiongoza First We Feast.

Watu wengi hapa kwetu wanakijua kwa vile vipande vifupi vinavyozunguka WhatsApp: staa fulani analia, kamasi zinamtoka, anaomba maziwa. Ukiishia kwenye vipande hivyo umekosa karibu kila kitu, kwa sababu vimekatwa mahali pa kelele, na uzuri wa kipindi uko dakika mbili kabla ya kelele, pale swali linapoulizwa.

Evans hamuulizi mwigizaji "ulijisikiaje kushiriki filamu hii". Anaanza na kitu ambacho mgeni mwenyewe ni kama alishakisahau: kibarua alichofanya kabla ya umaarufu, sentensi aliyoitamka kwenye mahojiano ya zamani ambayo hakuna aliyeyasikiliza, mtu aliyemfundisha kushika gitaa. Akishakiweka hicho mezani, ndipo anauliza kuhusu ufundi. Unajuaje kichekesho kimeiva? Tukio la kupigana linapigwaje picha bila mtu kuumia? Mstari gani uliukata kwenye wimbo na kwa nini? Sasa mtazame mgeni, usimtazame Evans. Swali likifika katikati, mkono ulioshika bawa unashuka. Anamwangalia Evans, halafu anageuza shingo pembeni ya kamera walipo watu wake, kama anayetaka kujua nani amemtoboa. Kisha analegea, anaegemea kiti. Kuanzia hapo anaongea na mtu aliyemheshimu kiasi cha kwenda kumsoma. Karibu kila kipindi kina mgeni anayekatisha jibu ili kusifia swali, na wengi wa hao ni watu waliohojiwa kwa miongo.

Kazi hiyo haifanywi na mtangazaji peke yake. Gavin Evans, ndugu yake Sean, ndiye amekuwa mtafiti wa kipindi kwa muda mrefu, na maswali yanapikwa na timu kabla mtangazaji hajakaa kitini. Hilo nalitaja makusudi. Kwenye vituo vingi ninavyovijua, mtafiti ni nafasi ambayo haipo. Mtangazaji anaambiwa saa 5 kwamba saa 7 kuna mgeni, anafungua Instagram ya mgeni, anapitia picha tatu nne, anaingia studio.

Chukua msanii wa singeli aliyekulia kwenye vigodoro vya Manzese. Swali letu la siku zote ni "hebu tupe historia yako ya muziki". Atajibu, kwa kuwa jibu lake analo mfukoni: nilianza nikiwa shule ya msingi, nyumbani hawakunielewa, namshukuru Mungu. Sasa muulize hivi: "Kwenye kigodoro, DJ akishapandisha spidi, pumzi ulikuwa unaivutia wapi? Na ulipoingia studio kwa mara ya kwanza, prodyuza alikuacha uvute hivyohivyo au alikukatisha?" Hilo halina jibu la mfukoni. Lazima akumbuke, na mtu anapokumbuka sauti yake hubadilika. Huku nyuma ya kioo unaisikia inavyobadilika, hata mita za sauti zinaonyesha.

Nayasema haya kwa uchungu kwa sababu nayaona kila wiki. Msanii anakuja Mwanza kutambulisha ngoma. Menejimenti imempangia vituo vyote vya mji kwa siku moja. Anafika kwetu amechoka, keshajibu maswali yaleyale mara kadhaa, na meneja ametutumia orodha ya vitu visivyoulizwa. Tunauliza ngoma mpya, tunauliza kolabo, tunauliza mashabiki wategemee nini. Dakika zikianza kuisha tunateleza kwenye mapenzi: vipi yule dada, mko pamoja? Anacheka, anakwepa, anakana. Kufikia jioni kipande cha sekunde 40 kiko kila simu, na kazi aliyoisotea studio miezi yote hiyo imefunikwa na kiki. Nimeshuhudia fundi mkubwa wa kupanga sauti, mtu anayejua kwa nini kila sauti imewekwa pale ilipowekwa, akitoka studio kwetu bila kuulizwa hata swali moja kuhusu sauti. Aliaga kwa adabu. Mimi nilibaki nimeshika karatasi yenye maswali yake, muda umeisha.

Na si kwamba Kiswahili hakijawahi kupata mahojiano ya maana. Mkasi ya Salama Jabir pale EATV iliwaweka wageni saluni, na mtu aliyekaa kwenye kiti cha kinyozi huongea tofauti kabisa na aliyekaa mbele ya meza ya mtangazaji. Kazi yake ya baadaye YouTube, Salama Na, inampa mgeni mmoja nafasi ya kutosha hadi anafika utotoni mwake bila kuburutwa. Kwa hiyo tunaweza. Kinachotushinda ni kukubali kwamba maandalizi ni kazi inayostahili mtu wake na mshahara wake.

Turudi kwenye pilipili, maana nisipoieleza nitakuwa nimekidhulumu kipindi. Ule muwasho unatoka kwenye kapsaisini. Kapsaisini haiunguzi ulimi kwa kweli. Inawasha vile vipokezi vinavyohisi joto, ubongo ukaamini mdomo unaungua. Jasho linatoka, pua inachuruzika, moyo unakwenda mbio. Maji hayasaidii kwa kuwa kapsaisini haiyeyuki kwenye maji, ndiyo maana glasi ya maziwa haikosekani pale mezani. Ukali wenyewe hupimwa kwa kipimo alichokibuni mfamasia wa Marekani, Wilbur Scoville, mwaka 1912. Ili upate picha: pilipili kichaa zetu zinacheza kati ya 50,000 na 100,000 kwa kipimo hicho. Pilipili mbuzi ni ya ukoo mmoja na habanero, ambayo huanzia 100,000 ikapanda hadi 350,000. Bawa la kwanza la Hot Ones halifiki hata 2,000. La mwisho, lililopakwa pilipili iitwayo The Last Dab, linapita 2,000,000.

Lakini anayeogopwa kuliko wote amekaa nafasi ya nane kwa miaka mingi: Da Bomb Beyond Insanity. Kwenye karatasi ana 135,600 tu, mdogo sana kwa mabawa mawili yanayomfuata. Mdomoni ni habari nyingine, kwa sababu ndani yake kuna kiini cha pilipili kilichokamuliwa, siyo tunda la kusagwa peke yake, na kiini hicho kinapiga bila kubisha hodi. Evans anajua. Akifika la nane anapunguza mwendo, anamwacha mgeni ang'ate, ananyamaza. Huo ukimya kwenye redio tungeukata kwa woga. Yeye anauacha ukae hadi mgeni aanze kuongea mwenyewe, na yanayomtoka hapo hayakuandikwa na mtu wa matangazo wa kampuni ya filamu.

Kukariri kunahitaji kichwa kilichotulia. Msanii aliyezunguka nchi nzima akirudia hadithi ileile, akifika bawa la sita la saba hana tena nguvu za kuipamba. Na kuna jambo la haki hapo ambalo nalipenda sana: Evans naye anakula. Kila bawa analomtaka mgeni ale, yeye anakula, na jasho linamtoka vilevile. Anayeuliza na anayeulizwa wameingia shida moja. Mwishoni, wakishang'ata la kumi, anampa mgeni nafasi ya kutazama kamera na kutangaza kazi yake mpya. Tangazo limewekwa mwisho, baada ya mazungumzo, likiwa kama ujira wa kustahimili. Sisi tunaanza nalo.

Vipindi vyenyewe havilingani. Cha DJ Khaled cha mwaka 2015 kinatazamwa kwa jinsi alivyoacha kula kwenye bawa la tatu huku akiwa na maelezo tele ya kwa nini kuacha ni sawa. Ni mtu amejieleza tabia yake yote bila kuulizwa. Mpishi Gordon Ramsay, Januari 2019, alikuja na ndimu na malimau yake, akapambana na pilipili kwa ujuzi wa jikoni na bado ikamshinda. Shaquille O'Neal, yule Shaq wa mpira wa kikapu, alijigamba kwamba sura yake haitabadilika hata kidogo. Ilibadilika, tena ikawa picha inayotumiwa kwenye meseji hadi leo na watu wasiojua hata ilitoka wapi. Idris Elba alikohoa hadi nikashika kifua changu mwenyewe, lakini anacheka katikati ya kikohozi na unampenda zaidi ya ulivyompenda kwenye filamu zake. Trevor Noah naye alikaa kwenye kiti hicho, na kwa mtazamaji wa huku inapendeza kumwona mtoto wa Johannesburg akipewa maswali ya heshima ileile wanayopewa wenyeji wa Hollywood. Cha mwigizaji Paul Rudd cha 2019 nakiweka juu kabisa. Hakuna anayezimia wala anayetapika. Ni watu wawili wanaofurahia kuwa mahali pamoja, na Rudd anasikiliza swali hadi mwisho kabla ya kufungua mdomo.

Cha Conan O'Brien cha Aprili 2024 nina mawili nacho. Aliingia na daktari wa kuigiza. Akanywa pilipili kwenye chupa, akajipaka usoni, maziwa yakamchuruzika kidevuni, akawa mwekundu kama aliyeshinda juani ziwani bila kofia. Ni onyesho la mchekeshaji aliyebobea na nilicheka hadi jirani akagonga ukuta. Ila tangu hapo wageni wengi wanaingia wakiwa wameshapanga watateseka vipi. Wamekuja na vituko vyao, wanapiga kelele bawa la tatu linalowasha kidogo kuliko kachumbari ya mama ntilie. Mateso ya kupangwa ni risala ya aina nyingine, na yanaharibu kile kilichofanya kipindi kiwe cha kweli.

Kasoro kubwa zaidi, kwangu mimi, ni kukosekana kwa swali la kufuatilia. Mgeni anasema jambo zito, kwa mfano kuhusu baba yake au kuhusu mwaka aliokaribia kuacha kazi, sauti imeshuka, mlango uko wazi. Evans anashukuru na kusogeza bawa linalofuata, kwa kuwa utaratibu unamtaka afike la kumi. Namwona anavyoliona jambo lile na kuliacha lipite. Mhojaji wa kukaa na mgeni saa nzima angelishika pale pale. Kwa hili Salama anampita, na nalisema bila upendeleo wa nyumbani. Halafu kuna maswali yaliyojaa utafiti hadi yamekuwa marefu mno, mgeni mwenye mdomo unaowaka anasahau yalikoanzia. Na kwa miaka ya karibuni kiti kile kimekuwa kituo cha lazima kwa kila anayetoa filamu, kwa hiyo utakutana na mgeni ambaye hana la kusema ila tarehe ya filamu kutoka.

Upande wa fedha niutaje kwa ajili ya vijana wanaotengeneza maudhui, maana wananiuliza kila mara kama mahojiano yanalipa. BuzzFeed, kampuni ya Marekani ya maudhui ya mtandaoni, iliipata First We Feast mwaka 2021 iliponunua kampuni ya Complex iliyokuwa ikiimiliki. Desemba 2024 iliiuza kwa dola milioni 82.5, na miongoni mwa wanunuzi walikuwemo Schonberger na Sean Evans mwenyewe. Yaani mtu aliyekuwa anauliza maswali mezani leo ana hisa kwenye meza. Hapa kwetu mtangazaji anajenga jina la kipindi kwa miaka, siku akiondoka kituo kinabaki na jina, yeye anabaki na picha kwenye simu. Wanaoanza leo wakae na mikataba yao waisome mstari kwa mstari kabla ya kukaa mbele ya kamera.

Sasa pilipili zenyewe, kwa wanaouliza kama inafaa kuagiza. Zinauzwa na duka la Heatonist la Brooklyn, New York, na kaka yangu aliporudi kutoka Marekani alitubebea chupa tatu: The Classic, Los Calientes na The Last Dab. The Classic ni nzuri kwa chipsi mayai na haimzuii mtoto kula. Los Calientes ina utamu wa aprikoti na moshi kidogo; tuliila na sato wa kukaanga, tukaimaliza kabla ya zile nyingine, na nikipata nafasi nitaagiza hiyo tu.

The Last Dab ni jambo la kushangaza puani kwanza. Ndani yake kuna manjano, giligilani, bizari nyembamba, haradali na tangawizi, kwa hiyo ukifungua tu unadhani kuna mtu anaunga mchuzi jikoni. Unashawishika. Pilipili yake ni Pepper X ya mkulima Ed Currie wa South Carolina, iliyotangazwa na Guinness mwaka 2023 kuwa kali kuliko zote duniani kwa wastani wa 2,693,000. Tulitumbukiza ncha ya kijiti cha meno. Ladha ya mchuzi ilikaa ulimini muda wa kuvuta pumzi, kisha hakukuwa na ladha tena, masikio yakaanza kuziba. Shemeji yangu, ambaye hula pilipili mbuzi mbichi na ugali, alitoka nje akasimama kwenye upepo wa ziwa bila kusema neno. Kwa chakula cha kawaida haina kazi. Pilipili mbuzi ya sokoni Kirumba, ikasagwa na kitunguu swaumu, ndimu na chumvi, inakupa ukali na bado unakijua unachokula. Ukiinunua The Last Dab, nunua kwa ajili ya kujaribu na rafiki zako, maziwa yawe tayari mezani, na mtu asijishike macho. Onyo hilo la macho Evans huwapa wageni wake kila mara na ni la kweli kabisa.

Kwa upande wa bando, kipindi hakikuumizi. Ni watu wawili wamekaa, picha haiendi mbio, kwa hiyo hata ukishusha ubora hadi 360 hukosi kitu. Kiingereza chao ni cha kasi na kina utani wa Kimarekani mwingi. Washa maandishi ya chini, yanasaidia hata kama hukosea majina. Anza na Paul Rudd. Kisha mtazame Shaq na Idris Elba kwa furaha yako, na Khaled kama unataka kuona mtu anavyojitetea. Conan mweke akiba kwa siku yenye umeme wa uhakika na watu sebuleni. Ukiwa mtangazaji au unataka kuwa, mrudie Rudd mara ya pili na kalamu mkononi: andika kila swali lilivyoanza, kisha andika mgeni alijibu neno gani la kwanza. Watangazaji wetu wawili wapya wamelifanya zoezi hilo mwezi huu, na Jumatatu mmoja wao alikuja kuniomba namba ya mtu aliyemfundisha mgeni wetu wa Ijumaa kupiga ngoma.